Mwasho wa ngozi si ugonjwa mmoja: Fahamu maradhi ya kawaida ya ngozi na jinsi yanavyotibiwa

MTU anapoanza kujikuna usiku, mara nyingi hospitali si mahali pa kwanza anapokimbilia. Huingia katika duka la dawa lililo karibu na nyumbani, akanyosha mkono wake juu ya kaunta ili muuzaji auone, akatoka na tyubu ya krimu mfukoni.

Baada ya siku tatu mwasho hupungua, naye huamini kwamba amepona. Wiki mbili baadaye hali hurudi, safari hii vipele vikiwa vimeenea hadi tumboni na mapajani, na watoto wanaolala naye wameanza kujikuna vilevile.

Kosa hapa si la mgonjwa kukosa usafi, ingawa ndiyo lawama ya kwanza anayotupiwa na majirani. Tatizo ni kwamba krimu nyingi zinazouzwa kwa njia hiyo zina steroidi, yaani dawa inayotuliza uvimbe na mwasho lakini haiui mdudu wala kuvu. Krimu hiyo ingemfaa sana mwenye ukurutu. Kwa mwenye upele au choa, ni sawa na kufunika moto kwa majivu ilhali kuni zingali zinawaka chini.

Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kwamba ugonjwa utambuliwe kwanza kabla ya dawa kuchaguliwa. Mwasho, mabaka na vipele ni dalili tu, na dalili moja inaweza kuletwa na maradhi kumi tofauti.

Kuna jambo jingine linalowatatiza hata baadhi ya wahudumu wa afya. Kwa miaka mingi, picha katika vitabu vya tiba zilionyesha ngozi nyeupe, ambako sehemu iliyovimba huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Mahali palipoathirika huwa na rangi ya hudhurungi iliyokolea, kijivu au zambarau, na baada ya kupona hubaki doa jeusi ambalo huweza kudumu kwa miezi mingi. Doa hilo si ugonjwa unaoendelea, japo wengi huendelea kulipaka dawa kali wakidhani hawajapona.

Upele

Upele huletwa na mdudu mdogo wa jamii moja na kupe na utitiri, mwenye miguu minane, ambaye urefu wake haufiki hata nusu milimita. Jike huchimba kijishimo katika tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kila siku. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na baada ya muda wa wiki mbili hivi kizazi kipya huwa kimekomaa.

Mwasho hauletwi na kuumwa. Huletwa na mwili kuwakataa wadudu hao, mayai yao na kinyesi chao. Kwa sababu hiyo, mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hadi sita bila dalili yoyote, huku akiwaambukiza wengine. Akiambukizwa tena baadaye, mwili huwa umeshamjua adui, na mwasho huanza baada ya siku chache tu.

Dalili zake hazifichiki kwa anayejua pa kutazama: kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, makwapani, kiunoni, matakoni, kuzunguka chuchu za wanawake na sehemu za siri za wanaume. Kwa watoto wachanga, hata viganja, nyayo na kichwa huathirika. Mwasho huzidi usiku. Na iwapo zaidi ya mtu mmoja katika nyumba au bweni anajikuna, upele ndio mshukiwa wa kwanza.

Maambukizi hutokea ngozi inapogusana na ngozi kwa muda, kama vile kulala kitanda kimoja. Kusalimiana kwa mkono kwa kawaida hakutoshi. Hii ndiyo sababu shule za bweni, magereza na kambi za wakimbizi huathirika zaidi, na si kwa sababu wakazi wake ni wachafu kuliko watu wengine. Mtu anayeoga mara mbili kwa siku huweza kuwa na upele, kwani maji na sabuni haviwatoi wadudu hao ndani ya vijishimo vyao.

Dawa zipo. Iliyozoeleka zaidi katika vituo vya afya vya umma ni benzili benzoeti, maji meupe mfano wa maziwa yanayopakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni. Huwasha kwa mtu mwenye michubuko, na kwa watoto lazima ipunguzwe nguvu kwa kuchanganywa na maji kulingana na maagizo ya mhudumu. Krimu ya pamethrini ya asilimia 5 haiwashi sana, lakini bei yake ni ya juu. Hupakwa jioni na kuoshwa asubuhi, kisha hurudiwa baada ya wiki moja. Kwa watoto wachanga na akina mama wajawazito, marhamu ya salfa ingali inatumika, licha ya harufu yake.

Ipo pia tembe ya ivamektini, ambayo kipimo chake hutegemea uzito wa mgonjwa na ambayo humezwa mara mbili, vipimo vikitenganishwa kwa wiki moja au mbili. Haipewi wajawazito wala watoto wenye uzito wa chini ya kilo 15. William Campbell na Satoshi Omura, waliofanikisha ugunduzi uliozaa dawa hiyo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ivamektini inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Kujidunga au kuinywa ni hatari, kama ilivyo hatari kujipaka dawa ya kuogeshea mifugo, jambo ambalo baadhi ya watu hulifanya wakishachoka kujikuna.

Matibabu ya upele hushindwa mara nyingi kwa sababu moja isiyohusiana na ubora wa dawa: hutibiwa mtu mmoja. Wote wanaoishi pamoja lazima wapakwe dawa siku ileile, hata wasiojikuna. Nguo, shuka na taulo zilizotumika katika siku za karibuni zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Zisizofulika zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku tatu au zaidi, kwani mdudu huyo hamalizi muda huo akiwa hai nje ya mwili wa binadamu.

Mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema kwamba mwasho unaweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne baada ya wadudu wote kufa. Asiyeelezwa huanza kujipaka dawa upya kila usiku, ngozi ikaungua, akawa sasa na maradhi mawili.

Upele usiotibiwa hufungua mlango kwa bakteria. Kucha hukwaruza, vidonda hutunga usaha, na baadhi ya bakteria hao huweza kusababisha madhara katika figo, hasa kwa watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa mnamo mwaka 2017, na hukadiria kwamba zaidi ya watu milioni 200 duniani huwa nao kwa wakati wowote ule.

Choa na mashilingi

Choa husababishwa na kuvu inayojilisha kwa keratini, ile protini ngumu iliyomo katika ngozi, nywele na kucha. Mwilini hujitokeza kama duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, huku katikati pakianza kupona. Vidoleni mwa miguu hufanya ngozi ilainike, ipasuke na kutoa harufu. Kichwani mwa watoto huleta mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, ambayo wengi nchini Kenya huyaita mashilingi kwa jinsi yanavyofanana na sarafu.

Choa cha mwilini hutibika kwa krimu kama vile klotrimazoli au tabinafini, inayopakwa kila siku kwa wiki mbili hadi nne. Marhamu ya Whitfield, mchanganyiko wa zamani na wa bei nafuu, ingali inafanya kazi nzuri. Kosa la kawaida ni kuacha kupaka mara tu duara linapofifia. Kuvu huwa ingalipo, na mwezi mmoja baadaye hurejea.

Mashilingi ni jambo tofauti kabisa. Krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele, kwa hivyo mzazi anaweza kumpaka mtoto mwaka mzima bila mafanikio. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini kwa wiki sita hadi nane, ambayo huingia mwilini vyema zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa. Wakati mwingine kichwa huvimba na kutoa usaha mithili ya jipu. Uvimbe huo haupaswi kupasuliwa, kwani huongeza uwezekano wa nywele kutoota tena mahali hapo.

Vitana, kofia na mashine za kunyolea husambaza kuvu hii. Kinyozi anayepangusa mashine kwa brashi tu kati ya mteja na mteja hajaisafisha.

Choa kikipakwa krimu ya steroidi, umbo lake la duara hupotea. Ukingo hufifia, magamba hukauka, mwasho hutulia, lakini kuvu huendelea kutambaa bila kizuizi hadi ugonjwa ukaonekana kama kitu kisichojulikana. Daktari anayempokea mgonjwa wa namna hii hulazimika kukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini ili apate ukweli. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari wa ngozi huwa: "Umepaka nini?" Mgonjwa anayeficha jibu kwa aibu hujiumiza mwenyewe. Afadhali abebe tyubu zote alizotumia, hata zilizokwisha.

Ukurutu

Ukurutu hauambukizi. Ngozi ya mwenye ugonjwa huu hushindwa kuhifadhi unyevu wake, ikakauka, ikapasuka na kuruhusu vitu vya nje kupenya na kuuchokoza mwili. Mara nyingi huanzia utotoni, katika familia zenye pumu au mafua ya mzio. Mashavu ya mtoto mchanga huathirika kwanza. Akikua, ugonjwa huhamia mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ingawa kwa Waafrika wengi huonekana pia upande wa nje wa viungo kama vipele vidogo vigumu.

Wazazi wengi hutafuta dawa ya kuumaliza mara moja. Dawa hiyo haipo, na anayedai kuwa nayo anauza maneno. Kilichopo ni njia ya kuudhibiti, na watoto wengi hupata nafuu kubwa wanapokua.

Msingi wa matibabu ni wa bei nafuu kuliko watu wanavyodhani: mafuta mazito yasiyo na manukato, kama vaselini ya kawaida, yanayopakwa ngozi ikiwa ingali na unyevu, dakika chache baada ya kuoga, na kurudiwa mara kadhaa kwa siku. Maji yawe vuguvugu, si ya moto. Sabuni za kunukia na za kuua viini hukausha ngozi zaidi, na sweta ya sufi inayogusa ngozi moja kwa moja huzidisha mwasho. Miezi ya baridi ya Juni na Julai huwa migumu kwa wakazi wa Limuru, Nyandarua na maeneo mengine ya juu.

Ugonjwa unapochachamaa ndipo steroidi hupata nafasi yake halali. Haidrokotisoni ya asilimia 1 hutosha kwa uso na kwa watoto wachanga, ilhali dawa zenye nguvu zaidi kama betamethasoni hutumiwa mwilini kwa muda uliowekwa na daktari. Dawa inayojaza ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka ncha hadi mkunjo wa kwanza, hutosha kupaka eneo la ukubwa wa viganja viwili. Wapo wanaoogopa steroidi kiasi cha kumwacha mtoto alie usiku kucha, na wapo wanaoipaka kila asubuhi kama mafuta ya kawaida. Wote wawili wamekosea.

Kumnyima mtoto mayai, maziwa na samaki kwa dhana tu kwamba "damu yake haipatani navyo" kunaweza kumletea utapiamlo bila kumwondolea ukurutu. Vyakula vikatazwe tu baada ya mtaalamu kuthibitisha.

Chunusi

Chunusi za ujana hutokana na homoni zinazochochea tezi za mafuta, vinyweleo vikaziba na bakteria wakazaana. Si uchafu, na wala si ishara ya tabia ya mtu, hata kama wenzake shuleni watasema hivyo. Kusugua uso kwa brashi au kwa jiwe huongeza madoa. Mafuta mazito ya nywele yanayotiririka hadi kwenye paji la uso huziba vinyweleo na kuzalisha vipele zaidi.

Krimu ya benzoili peroksaidi, dawa za kupaka za jamii ya vitamini A na, kwa hali kali zaidi, tembe za viuavijasumu ndizo zinazotumika sana. Matokeo huchukua wiki nane hadi kumi na mbili, na wengi hukata tamaa katika wiki ya tatu. Tembe za isotretinoini hutolewa na mtaalamu pekee, kwa kuwa huleta kasoro kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Mwanamke hapaswi kuzimeza akiwa mjamzito au bila kinga ya kutopata mimba.

Wanaume wenye nywele za kipilipili hupata shida nyingine. Ndevu zilizokatwa karibu mno na ngozi hujikunja na kuingia tena ndani, zikaleta vipele kidevuni na kisogoni. Kwa baadhi yao vipele hivyo huwa makovu manene. Kuacha ndevu zibaki fupi badala ya kuzinyoa hadi kwenye ngozi husaidia kuliko losheni nyingi za bei ghali.

Funza

Ugonjwa huu ni wa umaskini, na waathiriwa huchekwa zaidi kuliko kusaidiwa. Funza hakuwa mdudu wa Afrika. Alitoka Amerika Kusini, na inasimuliwa kwamba alifika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, kisha akasafiri na misafara ya biashara na majeshi hadi Afrika Mashariki kabla ya karne ya 19 kwisha.

Jike huingia katika ngozi ya mguu, huvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere, hutoa mayai kwa mamia na kufa humohumo baada ya wiki kadhaa. Mayai huanguliwa katika vumbi la sakafu ya udongo. Murang'a, Kilifi na sehemu za magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa maeneo ambako watoto wameacha shule kwa kushindwa kutembea.

Kuwatoa funza kwa pini au mwiba unaotumiwa na watu kadhaa huweza kueneza virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini, na huacha vidonda vinavyoweza kuingiliwa na pepopunda. Mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba mdudu pumzi, yamefanyiwa majaribio nchini Kenya na kuonyesha matokeo mazuri. Lakini hakuna dawa itakayomfaa mtoto anayerudi kulala juu ya vumbi lilelile. Sakafu inyunyizwe maji au iwekwe saruji, mbwa na nguruwe wasilale nyumbani, miguu ioshwe kila siku na viatu vya kufunika vivaliwe.

Mabaka meupe

Hapa woga hutangulia akili. Mabaka mepesi yenye unga unga kifuani na mgongoni mara nyingi ni mba, unaoletwa na kuvu inayostawi penye jasho na joto, hasa maeneo ya Pwani. Hutibiwa kwa dawa za kuvu au shampuu yenye salfaidi ya seleni, ingawa rangi huchukua miezi kurudi. Barasi, ambayo huifanya ngozi iwe nyeupe kabisa kwa kupoteza chembechembe za rangi, haiambukizi wala haiui.

Baka lisilo na hisia, ambalo likichomwa kwa ncha ya kijiti mtu hasikii, lichukuliwe kwa uzito. Hiyo huweza kuwa dalili ya ukoma. Ugonjwa huo ungalipo, hutibika kabisa kwa mchanganyiko wa dawa zinazomezwa kwa miezi 6 au 12, na WHO hutoa dawa hizo bila malipo tangu mwaka 1995. Kituo cha Alupe, Busia, ambako wagonjwa wa ukoma walitengwa zamani, ni kumbukumbu ya enzi ambayo haikuwa na tiba hiyo.

Wenye ualbino huhitaji kinga ya jua tangu utotoni: kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga miale, kwa maana saratani ya ngozi huwavamia mapema. Losheni hiyo si kipodozi bali ni dawa. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Moshi, Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 na ambacho kimewafunza matabibu kutoka mataifa mengi ya Afrika, hutengeneza losheni mahususi kwa ajili yao.

Kujichubua

Krimu za kung'arisha uso huleta wagonjwa wapya katika kliniki za ngozi. Nyingine zina zebaki, inayodhuru figo. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huiacha ngozi na weusi wa samawati usiofutika, kinyume cha alichokitafuta mtumiaji. Nyingine zina steroidi kali isiyoandikwa kwenye kibandiko, inayofanya ngozi iwe nyembamba, ipasuke kwa michirizi na kuchelewa kupona inapokatwa.

Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa nchini (KEBS) limewahi kutoa orodha za vipodozi vilivyopigwa marufuku, na mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, uliofanyika Geneva mnamo Novemba 2023, uliafikiana kusitisha utengenezaji na biashara ya vipodozi vyenye zebaki kufikia mwaka 2025. Hata hivyo, krimu hizo zingali zinapatikana vibandani. Anayetaka kuacha kutumia yenye steroidi asikatize ghafla bila ushauri, maana uso huweza kuvimba na kuwaka vibaya kwa wiki kadhaa.

Wakati wa kumwona daktari

Vipele vingi vinaweza kungoja siku kadhaa. Vingine haviwezi. Ngozi inayobambuka au kutoa malengelenge pamoja na vidonda mdomoni au machoni baada ya mtu kumeza dawa mpya ni jambo la dharura. Dawa hiyo isitishwe na mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyohiyo. Vivyo hivyo homa kali inayoandamana na ngozi iliyovimba, yenye joto na maumivu yanayoenea kwa haraka.

Mkanda wa jeshi, yaani malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili, hutibiwa vyema ukiwahiwa ndani ya siku tatu za mwanzo. Ukimpata kijana, hushauriwa pia apimwe virusi vya Ukimwi, kwa sababu huweza kuwa ishara ya kwanza kwamba kinga yake imepungua.

Kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi mmoja, au doa jeusi linalokua kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha, pia lisipuuzwe. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma ni nadra kwa watu weusi, lakini inapowapata hupenda kujificha sehemu hizo. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, na akafariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Anayekwenda kliniki asipake chochote asubuhi hiyo, wala poda wala mafuta ya rangi, ili daktari aione ngozi ilivyo. Iwapo vipele huja na kutoweka, picha iliyopigwa kwa simu siku vilipokuwa vibaya zaidi itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.